Chupa Isiyo na Jina: kisa cha sanduku la zana za risasi lililofika Pemba

Usuli

Kisa hiki kimetokea kaskazini ya Pemba. Majina nimeyaondoa, kijiji sikitaji, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili watu wasitambulike. Wenyewe wameridhia kiandikwe. Mimi nimo ndani yake kwa njia ya simu tu, lakini nimo, na kosa langu nitalitaja likifika mahali pake.

Mhusika mkuu nitamwita Mwenye Sanduku. Ni mtu wa Pemba aliyekaa Marekani miaka 14. Huko alijiunga na klabu ya kulenga shabaha, ndiko tulikojuana, na mimi nikatangulia kurudi Unguja. Jumamosi tulikuwa tunapiga karatasi ya shabaha iliyo umbali wa mita 100, bila mashindano wala kuwinda, kisha tunakaa nyuma ya gari tunakula sambusa alizofungiwa na mkewe. Kama wengi pale klabuni, yeye hakuwa akinunua risasi mpya kila wiki. Alikuwa akijaza maganda yake mwenyewe, usiku, gerejini kwake.

Kwa asiyeijua kazi hii: risasi nzima ina vitu vinne. Pana ganda la shaba, pana kichwa kinachokwenda kwenye shabaha, pana baruti ndani ya ganda, na pana fataki, kikombe kidogo cha shaba kinachokaa kitakoni mwa ganda na kugongwa na pini ya bunduki. Ukishapiga, kichwa kimekwenda zake, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda linabaki, nalo ndilo la thamani. Mjazaji hulisafisha, hulirudisha umbo lake kwa presi ya mkono, huitoa fataki mfu na kutia nyingine, hupima baruti kwa mizani, mwisho hukandamiza kichwa kipya. Baruti hiyo hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja; greni moja basi ni kama miligramu 65. Mtu mwenye papara haimfai kazi hii. Mwenye Sanduku hakuwa na papara, na ndiyo maana kisa chake kina faida kukisoma.

Kule ni jambo halali, na watu hulifanya kama wengine wanavyofuga njiwa. Kwetu bunduki, risasi na baruti ni mambo ya kibali na ya polisi. Wala hili si la jana. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said, wa mwaka 1833, uliwaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao bandarini kwake bila kizuizi, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo kisiwani Unguja ziliuzwa kwa serikali peke yake. Nguo za merikani ziliingia kwa robota. Baruti ilikuwa na mlango wake.

Yaliyotokea

Mwenye Sanduku alipoamua kurudi nyumbani aliuza bunduki yake kihalali. Mikebe ya baruti na pakiti za fataki aliwagaia wenzake wa klabu. Alibakisha zana: presi, dai zake (kalibu za chuma zinazolirudisha ganda umbo lake), mizani, kalipa ya kupimia urefu wa ganda. Hivyo ni vyuma, havina dhambi, na alikuwa na niya ya kuitumia presi kwa kazi nyingine. Vyote vilikuwamo ndani ya sanduku la chuma la droo tano, lile la mafundi wa magari. Sanduku likafungwa kwa mikanda likatiwa zima kwenye kontena la vyombo vya nyumbani pamoja na friji, magodoro na baiskeli za watoto. Kontena likafika Unguja, vyombo vikavushwa Pemba, vikapangwa nyumbani kwa mamaake. Yeye mwenyewe alibaki Marekani kumalizia mkataba wa kazi.

Droo ya chini kabisa hakuifungua wakati wa kufunga. Mlikuwa na vitu viwili: sinia la plastiki la fataki, na chupa ya kahawa ya kioo yenye baruti kama robo tatu. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi.

Wiki ya kwanza fundi aliyekuja kufunga friji aliomba bisibisi, akafunguliwa sanduku, akapekua droo zote. Chupa ikatolewa ikawekwa juu ya meza, na mama, ambaye haachi chupa nzuri ya kioo ikae ovyo, akaipeleka jikoni. Alipoitazama ndani aliona punje ndogo nyeusi zinazong'aa kidogo. Akasema hii habasoda. Akaiweka rafu moja na bizari nzima na iliki, hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa. Ilikaa pale wiki tatu.

Alhamisi moja usiku shangazi alikuja na mafua, akaomba habasoda ya kusaga na asali. Akafungua chupa, akanusa, akanyanyua uso. "Wifi, habasoda gani hii inanuka rangi ya kucha?" Wakamimina punje chache kiganjani. Habasoda ina pembe pembe, inakwaruza. Hizi zilikuwa duara laini, zimefanana zote kama zimetoka kiwandani, na kiganja kilibaki na vumbi la kijivu kama la risasi ya penseli. Hapo ndipo mama alipomtumia mwanawe ujumbe wa sauti, akataja na "vile vifungo vya shaba" alivyoviona droo ya chini.

Jawabu lilikuja usiku uleule, na mama akalisikiliza kwa spika, nyumba nzima inasikia: "Mama, hiyo chupa ni baruti kidogo, na hivyo vyengine ni fataki tu. Viweke pembeni, nikija nitaviondoa."

Katika waliosikia alikuwamo mjukuu wa miaka 11. Mtoto wa Pemba ukimwambia fataki, anajua kitu kimoja: Sikukuu.

Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini, alichukua moja, akaiweka juu ya kizingiti cha saruji uani, akaigonga kwa jiwe. Mlio ulikuwa mkali kuliko fataki yoyote ya Idi. Kikombe kilipasuka, na kipande kidogo kuliko punje ya mchele kikamwingia chini ya goti. Hakulia kwanza, alikuwa akicheka, mpaka alipoona damu.

Kituo cha afya muuguzi alikisafisha kidonda, akakitoa kipande, akamchoma sindano ya pepopunda. Kisha akauliza suali ambalo wakubwa wote walikuwa hawajaliuliza: "Ziko ngapi nyumbani?"

Maamuzi

Nilipigiwa simu na ami wa Mwenye Sanduku, mzee aliyewahi kuwa baharia, mara tu waliporudi kutoka kituo cha afya. Mpaka hapo nyumbani palikuwa na rai tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Rai ya kwanza ilikuwa ya ami: zikatupwe baharini, kina cha maji, basi. Niliikataa. Baruti ya siku hizi isiyo moshi haiyeyuki majini kama ile nyeusi ya gobore, na fataki iliyoloa haihesabiki kuwa imekufa. Ikikauka inaweza kuripuka kama kawaida. Zitupe leo, bamvua lijalo wanawake wanaokwenda chaza wanazikuta, au watoto.

Ya pili, ya kijana mmoja wa nyumbani, ilikuwa kuzichoma shambani. Baruti kidogo iliyotandazwa wazi huungua kwa moto wa ghafla wala hairipuki, hilo kweli. Lakini hakuna aliyejua ni baruti gani wala ina umri gani, na fataki hazichomwi abadan. Tena mtoto ameshaumia na muuguzi ameshaandika. Kuchoma baada ya hapo kungeonekana kuficha, na kungekuwa kuficha kweli.

Ya tatu ilikuwa ya Mwenye Sanduku mwenyewe, aliyeamshwa usingizini kwake huko, na ndiyo iliyonikera: ami amwambie sheha kwamba ni mbolea. Alikuwa na sababu yake ya kitaalamu, kwamba baruti hiyo ina naitrojeni na wapo wanaoimwaga kwenye majani uani. Sababu ya kweli ilikuwa woga. Pwani yetu neno baruti lina sifa mbaya kwa ajili ya wavuvi haramu; mtu akisikia baruti imekutwa nyumba ya fulani, picha inayomjia ni samaki wanaoelea tumbo juu na matumbawe yaliyosagika. Na mama mtu bado ana kichwani ile miripuko ya maghala ya silaha ya jeshi Dar es Salaam, Mbagala ya 2009 na Gongo la Mboto ya 2011. Alikuwa ameshawatoa watoto wote akawapeleka kwa jirani, na hilo lilikuwa jambo sahihi kuliko yote waliyoyafanya wanaume.

Ami alinyamaza muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sheha nitamwambia ni baruti. Akiniuliza ya nini, nitampa simu azungumze nawe." Huo ndio uamuzi uliokiokoa kisa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kiutendaji. Nilisema jiko lizimwe, chupa iachwe palepale rafuni isitikiswe wala isifunguliwe, mlango wa jiko ufungwe. Sinia la fataki lisiguswe. Mtoto aulizwe, kwa upole na bila fimbo, alichukua ngapi na ziko wapi. Zilipatikana sita mfukoni mwa suruali yake ya skuli. Nilimwambia ami azitoe mojamoja, azipange mbalimbali juu ya kanga iliyokunjwa, asizitie pamoja kwenye kopo. Hapa ndipo kosa langu. Nilikuwa Unguja, sikuona kitu, nami nikamwagiza mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono inayotetemeka, ashike fataki. Suruali ingevuliwa ikaachwa kitandani na chumba kikafungwa, basi. Nilitaka kuonekana najua.

Matokeo

Sheha alifika kabla ya Alasiri, polisi baada yake. Suali lao la kwanza lilikuwa bunduki iko wapi. Ami alikuwa na picha ya hati ya mauzo kwenye simu, imetumwa dakika kumi kabla. Hata hivyo nyumba ilipekuliwa yote, mpaka ndani ya magunia ya karafuu, na siwalaumu. Chupa, fataki na sanduku lote vikachukuliwa na watu wanaojua kazi hiyo. Ami alikaa kituoni akitoa maelezo mpaka baada ya Isha, mama siku ya pili. Mwenye Sanduku aliandika maelezo yake yote, akaambatanisha orodha ya vyombo vilivyotiwa kontena. Hakuna aliyeshitakiwa. Baruti na fataki hazikurudi, na zisirudi. Presi, dai na mizani vilirudishwa baada ya wiki kadhaa.

Mtoto amepona. Kijijini wapo waliosema kwa muda kwamba mtoto wa fulani kaleta mabomu kutoka Marekani, mpaka wakachoka.

Uchambuzi

Wengi niliowasimulia wanamlaumu mtoto, au fundi wa friji, au mama na habasoda yake. Mimi nasema kisa kilianza miezi mingi kabla, usiku ambao Mwenye Sanduku alimaliza kujaza risasi zake na kukuta baruti imebaki kwenye kipimio. Desturi iliyonyooka ni kuirudisha palepale kwenye mkebe wake wa kiwandani kabla hujazima taa, na mezani usiwe na mkebe zaidi ya mmoja ili usipotee njia. Usiku ule mkebe ulikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko ghorofani, alikolala mtoto wake mchanga. Chupa ya kahawa iliyooshwa ilikuwa mbele yake. Aliniambia alikusudia kurudisha asubuhi.

Kwa mjazaji, baruti iliyotoka kwenye mkebe wake bila jina imeshakufa, hata kama ni ya jana. Zipo aina nyingi mno, na macho hayatofautishi. Ya bastola huungua mbio. Ya bunduki ndefu huungua polepole ili ikisukume kichwa urefu wote wa mtutu. Jaza ganda la bunduki ndefu kwa ile ya mbio, kwa kipimo cha ile ya polepole, na bunduki inapasuka usoni mwako. Ndiyo maana wazoefu hawakisii wala hawanusi. Isiyo na jina wanaiharibu. Mwenye Sanduku alilijua hilo, kwa hiyo asingeitumia chupa ile kamwe. Lakini pia hakuiharibu. Ikabaki kitu ambacho hakitumiki wala hakitupwi, na vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyokwenda kukaa droo ya chini.

Mkebe wenyewe nao una kazi. Watu wanadhani ni pambo la dukani. Umetengenezwa uachie mapema ukishikwa na moto, ili baruti iungue kwa mwako bila kujenga shinikizo ndani. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza inafanya kinyume: inabana, kisha inagawa vigae. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sana Marekani humruhusu mtu kuweka nyumbani ratili 20 za baruti hii, yaani kama kilo 9, ilimradi iwe ndani ya mikebe yake ya asili. Chupa yetu haikufika hata ratili moja. Kwa hiyo hatari ya jikoni pale haikutokana na wingi. Ilitokana na chombo, jiko la mkaa, na mama asiyejua anachokipakua.

Fataki ni habari mbaya zaidi, na hapa hata wazoefu hujisahau kwa sababu ni kidogo. Baruti isiyo moshi ukiigonga kwa jiwe pengine hutopata kitu. Fataki imeumbwa igongwe. Sinia la kiwandani linazitenga kila moja kwenye kishimo chake kwa sababu moja ikiripuka karibu na nyingine zilizolundikana zinaweza kwenda zote kwa pamoja. Mtoto angekuwa amezitia zote kwenye kopo la maziwa na kulipiga teke, nisingekuwa naandika habari ya kipande cha punje ya mchele.

Kisha orodha. Alikuwa nayo, kurasa nne, safi, na watu wa forodha wasingepata la kuuliza. Lakini aliitengeneza kutokana na risiti na kumbukumbu ya vitu alivyonunua. Kila mkebe wa baruti ulikuwamo ukaandikwa "imetolewa". Chupa haikuwamo, kwani hakuna siku aliyonunua chupa ya baruti. Sinia la fataki halikuwamo kwa vile pakiti yake ilishaandikwa imetolewa, na ilitolewa kweli, ikiwa na sinia tisa badala ya kumi. Angefungua droo tano kwa mkono wake, kazi ya dakika tano, orodha isingehitajika.

Wanaouliza ingekuwaje kama angevisafirisha waziwazi: abiria wa ndege anaweza kuruhusiwa risasi kamili za michezo, zisizozidi kilo 5, kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege na kwa idhini ya shirika, na bado kibali cha nchi anakokwenda ni sharti la peke yake. Baruti ya kumimina na fataki zisizokuwa ndani ya risasi hazikubaliwi kwenye mizigo ya abiria kabisa. Kwa meli ni mizigo ya hatari inayotangazwa na kufungwa kwa taratibu zake. Haisafiri na magodoro. Jibu fupi ni kwamba haviji.

Narudi kwenye ule ujumbe wa sauti, maana naona ndipo tulipojifunza lugha yetu wenyewe. Mwenye Sanduku hakusema uongo. Fataki ndilo jina la kile kikombe, kamusi zinakubali. Ila kwa wajazaji neno lina maana moja na uani Pemba lina nyengine, na yeye, baada ya miaka 14, alisahau anazungumza na nani. "Fataki tu." Lile "tu" ndilo lililompa mtoto ruhusa. Angesema "vinaripuka, vinatoa macho, mtoto asikaribie, na wewe toka jikoni sasa hivi", mama angetoka jikoni. Mtu anayetaka kumwondolea mzazi wasiwasi huchagua neno dogo. Aghalabu huwa ni wema, na safari hii ulikuwa wema uliomchoma mtoto mguu.

Lililofaa zaidi ni lile suali la muuguzi. Kwa sababu yake Mwenye Sanduku alilazimika kukaa kitandani kwake saa tisa za usiku akakumbuka: sinia lina 100, mara ya mwisho alijaza risasi 20, basi zibaki 80. Kwenye sinia zilihesabiwa 71. Tisa zilikuwa nje. Moja imeripuka, sita za mfukoni, mbili hazijulikani ziliko. Bila ya hesabu hiyo tungejipa moyo kwamba sita za mfukoni ndizo zote. Ami alileta sumaku ya spika mbovu akaipitisha uani kote, akapata misumari na funguo ya kopo la samaki. Shaba haivutwi na sumaku, na sikuwa na moyo wa kumwambia mapema, alikuwa anajituliza. Moja ilikutwa na polisi ndani ya kopo la gololi la mtoto.

Ya pili haijaonekana mpaka leo. Mchanga wa uani umechekechwa mara mbili, na mama amepiga marufuku kuvunja nazi kwenye kizingiti.